Bustani ya maua kwenye udongo mweusi wa mbuga: kazi za kufanya Mwanza kabla ya vuli

Kila Septemba inapokaribia kuisha, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nichanganye mchanga kiasi gani? Kwa nini waridi nililonunua likiwa limechanua lilikufa mvua zilipoanza, wakati ndipo lilipopata maji? Nimeona kwenye simu watu wa nchi za baridi wanachimba bustani zao mwisho wa mwaka na kufukia vitunguu vya tulipu, na mimi nifanye hivyo? Majibu yote nimeyaweka hapa, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kushika jembe kwa ajili ya maua.

Mwongozo huu ni wako uliyejenga au kupanga bondeni: chini ya vilima vya mawe, ukishuka kuelekea Kisesa, Magu, Usagara na Misungwi, au karibu na ziwa, pale ambapo udongo ni mweusi, huo tunaouita mbuga, kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa, na mvua ikinyesha unavua watu kandambili. Kama unakaa juu kilimani kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, shida yako ni nyingine kabisa. Huko maji na mbolea vinapotea upesi, na ukiinua matuta kama ninavyoeleza hapa utazidisha ukame.

Kwanza, hayo ya nchi za baridi

Ulaya na Marekani ya kaskazini, mwenye udongo wa mfinyanzi huchimba majira ya kupukutika majani na kuacha mabonge makubwa wazi. Baridi ikija, maji yaliyomo ndani ya mabonge huganda, hutanuka na kuyavunja. Mwaka ukigeuka, udongo umelainika.

Sisi hatuna barafu, lakini tuna jua na mvua ya kwanza. Mbuga ikikauka husinyaa, ikilowa huvimba, na katika kusinyaa na kuvimba huko mabonge hujivunja yenyewe. Kwa hiyo kanuni yao inatufaa: fungua udongo kabla ya msimu, uache mabonge, usihangaike kuyasaga. Kalenda yao ndiyo isiyotufaa. Wao wanaikimbilia baridi, sisi tunaingojea vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Tulipu usinunue. Kitunguu chake kinahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya friji ndipo kitoe ua, na usiku wa Mwanza hauifikii baridi hiyo hata Julai. Kitatoa majani machache, kisha kitaoza. Pesa hiyo nunua mizizi ya kanna. Kwenye mbuga kanna inastawi vizuri kuliko mimea mingi ya bei kubwa, na mwakani utaigawa wewe kwa majirani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vifaa ni jembe, sururu, uma wa bustani, reki, toroli, ndoo, kamba, vijiti vinne na futi ya kupimia. Viatu vya mpira ni lazima, hasa kama utafika ufukweni.

Kitu kikubwa ni mbolea ya asili. Hapa ndipo wengi wanapunguza, halafu wanalaumu udongo. Chukua tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 6. Tabaka la sentimita 8 juu ya tuta hilo ni lita 480, sawa na madebe 24 ya lita 20. Ndiyo, 24. Mifuko miwili ya samadi haitabadilisha chochote kwenye mbuga. Kama huna uwezo wa kupata madebe 24, punguza tuta, usipunguze mbolea. Tuta la mita mbili lililoandaliwa vizuri litakupa maua mengi kuliko la mita kumi lililonyunyiziwa samadi juujuu.

Huku kwetu mbolea hiyo inapatikana hivi:

- *Samadi ya ng'ombe.* Usukumani haikosekani. Iwe imekaa lundoni miezi mitatu au zaidi. Ingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa ya moto au inanuka, haijaiva. Samadi mbichi huunguza mizizi, na inakuja na mbegu za majani utakayong'oa msimu mzima.
- *Pumba za mpunga.* Mashine za kukoboa zina milima yake. Ni nyepesi, haziozi haraka, na zinausaidia udongo kubaki na nafasi za hewa. Chukua madebe matatu au manne kwa tuta la mita 5, uyachanganye na samadi. Zisiwe mbolea yako pekee, kwa sababu zenyewe hazina chakula cha kutosha.
- *Magugu maji.* Yale yanayoziba mialo yetu ni mali ukiyatumia kwa uangalifu. Yaanike mbali na maji mpaka yakauke kabisa, maana kipande kibichi kikirudi ziwani au kwenye mfereji kinachipua upya. Yaliyokwisha kutoa maua yaache, yana mbegu. Usishangae lundo likinywea hadi kubaki dogo: zaidi ya asilimia 90 ya mmea huo ni maji. Yakishakauka, yapange tabaka kwa tabaka na samadi, nyunyizia maji, geuza kila baada ya wiki mbili. Ukianza Juni, Septemba una mboji nyeusi nzuri sana.
- *Majani makavu na mabaki ya jikoni* yaliyoozeshwa. Maganda ya ndizi, ya viazi, mabua yaliyokatwakatwa.

Kuhusu kufika ufukweni: kichocho kipo kwenye maji ya ziwa hili. Usiingie bila viatu vya mpira virefu, na usimtume mtoto akuvutie magugu. Maji ya ziwa ya kumwagilia yaweke kwenye pipa siku mbili kamili kabla ya kuyashika. Vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi hufa ndani ya muda huo visipompata mtu.

Hatua za kazi

1. Pima udongo wako, usikisie. Chukua udongo wa kujaza kiganja, uloweshe, ukande, kisha uusokote kwenye vidole upate utepe. Utepe ukifika sentimita 5 bila kukatika, una mfinyanzi mzito. Halafu pima maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, yaache yaishe yote, *kisha lijaze tena*. Kipimo ni mara ya pili. Kiangazi mara ya kwanza maji hupotelea kwenye nyufa kwa dakika chache, na watu hufurahi wakidhani ardhi yao inapitisha maji. Mara ya pili, baada ya udongo kuvimba na nyufa kufunga, ndipo utaona ukweli. Kama kina kinashuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, tuta la kuinua si hiari tena.

2. Chagua mahali. Maua mengi yanataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Angalia pia maji ya mvua yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Kama uwanja wako ndio njia ya maji ya kilimani, geuza maji kwanza, bustani baadaye. Tuta likae mita moja na nusu au zaidi kutoka ukuta wa nyumba. Udongo huu unaopasuka ndio uleule ulio chini ya msingi wako, na ukiulowesha upande mmoja kila siku wakati upande wa pili umekauka, ukuta utapata ufa. Kama uko ufukweni, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Na hata bila sheria, mwaka 2020 ziwa lilipanda na kumeza maeneo mengi ya kando. Hakuna tuta linalovumilia hilo.

3. Chora tuta kwa kamba. Upana mita 1.2, usizidishe, ili ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Kati ya tuta na tuta acha njia ya sentimita 50. Njia hiyo itakuwa mfereji pia, kwa hiyo ielekee kwenye mteremko. Kama hujui mteremko uko wapi, mwaga ndoo ya maji uangalie.

4. Lowesha, subiri, ndipo uchimbe. Mbuga kavu ya Septemba inarudisha jembe juu. Mwagilia eneo polepole jioni, mwagilia tena kesho yake, kisha uache siku mbili au tatu. Sasa finyanga donge la ukubwa wa yai, liachie lidondoke kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, chimba leo. Likibonyea na kukaa kama lilivyo, subiri. Likiwa gumu kama lilivyotoka, ongeza maji. Usiruke jaribio hili. Mbuga ikichimbwa ikiwa imelowa sana, vijishimo vya hewa vyote hufungwa, na kuvirudisha ni kazi ya msimu mzima au zaidi.

5. Fungua udongo sentimita 20 hadi 25 na uyaache mabonge. Tumia sururu mahali pagumu, uma mahali panapokubali. Usipige mabonge. Yaache yapigwe na jua wiki mbili au tatu, na mvua ikinyesha mara moja katikati yake ni heri zaidi. Utaona mabonge yanamumunyuka yenyewe yakiwa chembe ndogo. Ng'oa mizizi yote ya nyasi zinazotambaa na ya ndago. Vitunguu vya ndago ukivikatakata kwa jembe umevipanda.

6. Weka mbolea na uinue tuta. Tandaza madebe yako 24, changanya na sentimita 15 za juu tu. Kisha chimba udongo wa juu wa zile njia, uupandishe kwenye tuta. Tuta liwe na kimo cha sentimita 30, kwa sababu likitulia litabaki na 20 hivi. Juu yake paumuke kidogo katikati ili maji yasituame. Kingo zilaze kwa mteremko, maana ukizisimamisha wima mvua ya kwanza kubwa itaziangusha. Wenye mawe, na Mwanza nani hana mawe, wanaweza kupanga mawe pembeni na kuacha nafasi za maji kutoka.

7. Liache litulie. Mvua mbili tatu nzuri, au wiki mbili za kumwagilia. Ukipanda kabla ya hapo, tuta litashuka na kuacha shingo za miche wazi, au litazizamisha. Wakati huu majani yatachipua. Yang'oe yakiwa madogo.

8. Panda. Huku kwetu kwa kawaida ni kuanzia mwisho wa Oktoba na Novemba yote. Miche ya vitalu vya kando ya barabara ina jambo moja la kuangalia: viriba vyake hujazwa udongo wa kichanga na samadi. Ukiutumbukiza mche jinsi ulivyo kwenye mfinyanzi, maji hayapiti vizuri kati ya udongo huo na huo, na mizizi inabaki inazunguka pale pale ndani ya donge lake. Chana kiriba, kitupe mahali salama, kisha kwa vidole legeza pembeni mwa donge na unyooshe mizizi iliyojizungusha. Shimo liwe pana mara mbili ya donge lakini lisizidi kina chake. Kuta za shimo zikiwa zimeng'aa kwa kupakwa na jembe, zichome kwa uma. Shingo ya mche ikae sentimita 2 juu ya usawa wa tuta. Rudishia udongo uleule wa tuta, bonyeza kwa mkono, si kwa mguu.

9. Tandika matandazo. Nyasi kavu zisizo na mbegu, pumba za mpunga au mboji, unene wa sentimita 5 hadi 7, zisiguse shina. Bila matandazo matone ya mvua yanaugonga mfinyanzi hadi juu panakuwa na ganda gumu. Pumba peke yake hupeperushwa na upepo wa ziwa. Ziloweshe au zifunike kwa nyasi kidogo. Mahali penye mchwa wengi tumia mboji badala ya nyasi.

10. Mwagilia kwa nadra, kwa wingi, kwa utulivu. Wiki ya kwanza angalia kila siku. Baadaye choma kidole au kijiti sentimita 10. Kukiwa na unyevu huko chini, acha, hata kama juu pamekauka na kupauka. Ukimwagilia, mwaga kidogo, ngoja dakika kumi, mwaga tena. Ukimwaga ndoo kwa mpigo maji yatakimbilia kwenye mfereji.

Maua gani yapandwe

Kanna ndiyo ya kuanzia. Fukia mzizi sentimita 8 hadi 10, jicho likiangalia juu, nafasi ya sentimita 50. Inavumilia hata pale maji yanapochelewa kuondoka, kwa hiyo ipe sehemu ya chini kabisa ya uwanja.

Waridi watu huliogopa bure. Mfinyanzi wenye mboji unashika chakula, na waridi lina njaa sana; kinachoua waridi bondeni ni maji yaliyosimama kwenye mizizi. Juu ya tuta la sentimita 20, nafasi ya sentimita 60 hadi 75, litakupendeza miaka mingi.

Hibiskasi na plumbago zinakwenda vizuri. Bogenvilia pia, lakini iweke sehemu ya juu kabisa, usivunje donge lake la mizizi kama nilivyosema kwa miche mingine, na usiimwagilie sana ikishashika. Bogenvilia inayonyweshwa kila siku inatoa majani matupu.

Zinia, marigoldi na kosmosi hupandwa kwa mbegu, na hapa ganda la mfinyanzi ndilo adui. Chora mfereji wa kina cha sentimita 2 juu ya tuta, ujaze mboji iliyochekechwa, panda mbegu humo, funika kwa mboji hiyo hiyo. Miche ikifika majani manne punguza ibaki sentimita 25 hadi 30. Zinia ya Novemba mwanzoni huanza kuchanua Januari. Kosmosi usiipe samadi ya ziada, itarefuka bila maua.

Waridi la jangwa, kaktasi na lavenda usivipande ardhini hapa. Viweke kwenye chungu chenye matundu, na mchanga mwingi. Iksora nayo nakushauri chungu, kwa sababu inataka udongo wenye asidi na mbuga nyingi zimeelemea upande wa magadi, ulio kinyume cha asidi. Lantana, yenye vichwa vya rangi mchanganyiko, usiipande kabisa. Ndege hubeba mbegu zake na ikishaingia malishoni ni taabu kwa wafugaji.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

*Mchanga.* Toroli mbili za mchanga hazilainishi mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, zinajaza nafasi zote kati ya chembe za mchanga, na mchanganyiko ukikauka unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Ili mchanga ubadilishe tabia ya udongo lazima uzidi nusu ya udongo wote, na hiyo ni malori. Weka mboji.

*Kuchimba shimo kubwa na kulijaza udongo mzuri wa kununua.* Hili ndilo linaloua miche mingi zaidi, na linafanywa na watu wenye nia njema waliotumia pesa. Udongo laini ukizungukwa na mfinyanzi pande zote unageuka beseni. Mvua inaingia, haina pa kutokea, mizizi inakaa ndani ya maji na kuoza. Mche hautaki shimo la kifahari, unataka tuta zima liwe la aina moja.

*Majivu.* Najua bibi zetu waliyatumia, na kwenye udongo wenye asidi yanasaidia. Kwenye mbuga yanaongeza magadi mahali ambapo tayari yapo, na majani yanaanza kugeuka manjano.

*Jasi.* Anayekuuzia jasi kama dawa ya mfinyanzi wote anakudanganya. Inasaidia pale udongo ulipo na chumvi ya sodiamu nyingi. Kabla ya kuinunua mwone afisa kilimo wa kata yako, na uulizie upimaji wa udongo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi.

*Kukanyaga tuta.* Mtu mzima akisimama mara moja kwenye mfinyanzi uliolowa anafuta kazi ya wiki tatu. Waeleze na watoto, na mfungie mbuzi.

Mambo yakienda kombo

*Mche unanyauka mchana, nami namwagilia kila siku.* Choma kijiti kwanza. Mizizi iliyozama majini hunyausha majani sawasawa na mizizi yenye kiu, na mtu akiona kunyauka anaongeza maji. Chini kukiwa kumelowa na kunanuka, acha kumwagilia, chimbua mfereji wa pembeni uwe na kina zaidi, sogeza matandazo siku chache ili juu pakauke. Mche mdogo unaweza kuung'oa, kukata mizizi iliyooza na kuupanda juu zaidi.

*Majani ni manjano lakini mishipa yake imebaki kijani.* Mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma unaoletwa na magadi, hasa kwenye majani machanga ya iksora, hibiskasi na waridi. Acha majivu, ongeza mboji juu ya tuta, tumia maji ya mvua ukiweza kuyakinga. Majani mazee ya chini yakiwa manjano kote ndiyo njaa ya kawaida; weka samadi iliyoiva.

*Waridi lina madoa meusi na linapukutisha majani.* Ni ukungu wa msimu wa mvua. Okota majani yaliyoanguka, usiyaweke kwenye mboji, punguza matawi ya katikati hewa ipite, mwagilia chini asubuhi. Ikiwa ni kiangazi na majani yana vidoa vya manjano na utando mwembamba upande wa chini, hao ni utitiri wekundu. Wapige na maji ya nguvu chini ya majani kwa siku kadhaa.

*Mbegu hazikuota.* Kwaruza juu. Ukikuta ganda, mbegu zilishindwa kulipenya. Panda upya kwenye mfereji wa mboji.

*Maji yanasimama njiani kati ya matuta zaidi ya siku tatu.* Yaondoe. Mbu anahitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka, na ukanda wetu una malaria ya kutosha. Ongeza mteremko wa mfereji, au jaza sehemu iliyobonyea kwa kokoto na changarawe.

*Mvua zimekatika Januari na tuta linapasuka.* Nyufa hukata mizizi, usizitazame tu. Zijaze mboji kavu kwa mkono, mwagilia polepole, ongeza matandazo yafike sentimita 7. Usizibe kwa mchanga, maana udongo ukivimba tena mchanga utazuia ufa kufunga.

*Mwaka umepita na tuta limeshuka.* Ni kawaida, mboji imeliwa. Septemba usichimbe tena kama mara ya kwanza. Tandaza madebe 12 ya mboji juu ya tuta la mita 5, sawa na sentimita 4, bila kuuchanganya udongo. Pandisha na tope lililojaa kwenye mifereji. Nyungunyungu wataivuta mboji chini mvua zikianza, na kanna iliyojazana utaweza kuichimbua wiki hiyohiyo, kuigawa na kuipanda upya.